Saa ya Usubi: Mwongozo kwa Mwenye Farasi Anayewashwa

Farasi akianza kujisugua kwenye nguzo ya banda mpaka singa zake zikabaki kama mswaki uliochakaa, mwenyewe hukimbilia duka la dawa za mifugo. Muuzaji humuuliza ana ng'ombe wangapi, kisha humpa chupa ya dawa ya kupe. Hapo makosa mawili yamekwishafanyika: hakuna aliyeuliza ni mdudu gani, na dawa yenyewe huenda ni sumu kwa farasi.

Muwasho una saa yake na una mahali pake mwilini. Ukijua farasi anaumwa saa ngapi na anajisugua wapi, umeshamjua mdudu kwa kiasi kikubwa, na ukimjua mdudu unajua pa kumzuia. Nitakuchosha kidogo na habari za samadi na bomba linalovuja, kwa sababu huko ndiko kazi kubwa iliko. Dawa ya chupa ina nafasi yake, ila ni ndogo kuliko wauzaji wanavyotaka uamini.

Ninawafikiria wanaofuga farasi huku kwetu: mashamba ya Gilgil, Nakuru na Laikipia, mabanda ya kuzunguka uwanja wa mbio wa Ngong jijini Nairobi, Arusha na Usa River, na wale wachache wa pwani wanaopandisha wageni ufukweni. Mwenye punda naye asome, maana wadudu hawa hawabagui sana.

Msome farasi kwanza

Mpe siku mbili tatu za kumtazama kabla hujampaka chochote. Pita bandani alfajiri, pita mchana wa jua kali, pita tena magharibi. Pitisha vidole chini ya singa, inua mkia, angalia ndani ya masikio, kisha piga goti ushike ngozi ya tumbo kuanzia kifuani hadi kitovuni. Yule anayempiga brashi na kumwogesha kila siku huwa anayajua mengi ya haya, ila hakuna aliyemuuliza. Muulize. Andika tarehe, hali ya hewa na mahali palipochubuka. Daktari wa mifugo akija atakushukuru.

Ukikuta amejisugua singa, shina la mkia na juu ya mabega, na hali huzidi kila mvua zinapoanza kisha ikatulia ardhi ikikauka, mshuku usubi kwanza. Hawa ni vidudu vya milimita 1 hadi 3, wadogo kiasi kwamba mtu husikia kuumwa kabla hajaona kinachomuuma. Majike peke yao ndio wanaofyonza damu. Wengi wao hutoka jua likikaribia kuzama na tena alfajiri, hewa ikiwa imetulia. Wapo pia wanaoshambulia tumbo kwa chini, na hapo utakuta mstari wa vigaga na ngozi iliyopoteza manyoya katikati ya tumbo, mahali ambapo mtu asiyepiga goti hapaoni.

Farasi kumi wanaweza kulala mahali pamoja, wakaumwa wote, na mmoja tu akajichuna ngozi. Huyo ana mzio. Kinga ya mwili wake inayapokea mate ya usubi kama adui mkubwa, ikaanzisha vita ambavyo mdudu mwenyewe hakuvitaka. Kwa kawaida dalili huanza farasi akiwa na umri wa miaka 2 hadi 4, na kila msimu mpya huweza kuwa mkali kuliko uliopita. Hali hii ina uhusiano na damu ya ukoo. Pia inategemea mnyama alikolelewa: farasi wanaozaliwa Iceland kisha wakapelekwa Ulaya bara wakiwa wakubwa hupatwa na mzio huu kwa wingi kuliko ndugu zao wanaozaliwa hukohuko Ulaya, kwa sababu hawakuzoeana na usubi utotoni. Kwa hiyo usimlaumu mtunzaji kwamba jirani ana farasi wasiowashwa. Na usitarajie kuumaliza mzio. Unachoweza ni kupunguza idadi ya wanaomuuma mpaka mwili wake utulie.

Farasi anayepigapiga miguu chini mchana kutwa ana habari nyingine. Tazama miguu yake ya mbele. Ukimwona nzi anayefanana na nzi wa nyumbani lakini ana mdomo mgumu uliotokeza mbele, na amekaa kichwa kikielekea juu, huyo ni nzi wa zizini. Anauma vibaya. Farasi anayepambana naye kutwa nzima hapumziki, hali vizuri, na kwato zake hupasuka kwa kugongagonga ardhi.

Pange ni mkubwa zaidi, hupenda jua kali na kando ya mito na vichaka, na akiuma huacha tone la damu linalotiririka. Mbung'o ana kawaida ya kulaza mbawa zake moja juu ya nyingine anapotua. Mahali penye mbung'o muwasho si habari kubwa. Habari kubwa ni ndorobo, yaani nagana, na farasi hana ustahimilivu nayo kabisa. Akikonda huku anakula, homa ikimjia na kumwacha, ufizi ukipauka na miguu ikivimba, muite daktari achukue damu siku hiyohiyo.

Yako na mengine yanayojifanya kuwa kazi ya wadudu warukao. Farasi anayesugua mkia tu, singa zake zikiwa nzima, mwangalie njia ya haja kubwa. Ukiona utando wa rangi ya kijivu au manjano umekauka pale, ni mayai ya minyoo, na dawa ya minyoo pamoja na kumfuta kwa kitambaa kinachotupwa ndiyo tiba. Mabaka ya mviringo yaliyokatika manyoya bila muwasho mkubwa ni choa, na choa humwambukiza mtu, hupita kwenye brashi na tandiko. Vigaga vinavyong'oka na shada la manyoya mgongoni baada ya siku nyingi za mvua ni maambukizi ya bakteria. Huuma zaidi ya kuwasha. Chawa utawaona kwa macho ukipekua singa mahali penye mwanga, hasa kwa mnyama aliyedhoofu. Kupe mwenye miguu myekundu hujificha chini ya mkia, na watoto wake ndani ya masikio, naye hubeba vimelea vinavyoharibu damu ya farasi na punda. Farasi akivimba vipele mwili mzima kwa ghafla, jiulize amekula nini kipya au amechomwa sindano gani.

Kumfungia usubi mlango

Tuseme umemkuta usubi. Jambo la kwanza halikugharimu kitu: badilisha saa. Mwingize farasi bandani kabla ya saa kumi na moja jioni, na asubuhi usimtoe mpaka jua limepanda, saa mbili unusu au saa tatu. Wafugaji wengi hufanya kinyume chake, humwachia alishe usiku kucha kwa sababu kuna baridi na majani yana unyevu, kisha wanashangaa. Ikiwa huna banda la kutosha, mpeleke sehemu ya juu ya shamba inayopigwa na upepo, mbali na bwawa na bonde lenye matope. Usubi ni warukaji dhaifu. Upepo unaozidi kilomita 10 hivi kwa saa huwashinda, na hata mwinuko mdogo unaopata upepo wa jioni hufanya kazi ambayo chupa nyingi hazifanyi.

Kwa sababu hiyohiyo feni ni dawa. Feni kubwa ya ukutani iliyoelekezwa kwenye mwili wa farasi kuanzia magharibi humpa usiku wa amani. Funga waya juu asikoweza kufika kwa meno, uupitishe ndani ya bomba la plastiki, na ufute vumbi la nyasi kwenye injini ya feni kila wiki, maana banda ni kuni tupu zinazosubiri cheche. Taa za banda zizime. Watafiti huwanasa usubi kwa kutumia taa, nawe ukiiacha balbu ikiwaka mlangoni usiku kucha unafanya kazi yao bila kuwa na mtego.

Wavu unasaidia, lakini si kila wavu. Matundu ya chandarua cha kawaida cha mbu ni makubwa kwa usubi, wanapenya. Tafuta kitambaa chenye matundu yaliyo chini ya milimita moja, au chandarua kilicholoweshwa kwa pamethrini ili apitaye afe au arudi nyuma. (Vyandarua vya serikali vinavyogawiwa kliniki ni vya watoto na akina mama wajawazito. Viacheni huko.) Funika dirisha na nusu ya juu ya mlango, kisha uziangalie hizo nafasi kati ya ukuta na paa, kwani mabanda yetu mengi yana paa lililoachwa wazi kwa ajili ya hewa.

Blanketi la kumfunika farasi mwenye mzio ndilo linalofaa kuliko yote, nalo si lazima litoke ng'ambo. Fundi cherehani mzuri akipewa blanketi la zamani kama kielelezo na kitambaa chepesi cha wavu wa pamba atakushonea. Lishuke mpaka chini ya tumbo, lifunike shingo yote na shina la mkia. Blanketi linaloacha tumbo na mkia wazi ni pambo. Livue kila siku, umwangalie mabegani na kifuani kama halimchubui, na ulifue. Kwenye joto la pwani mvalishe jioni tu.

Kisha shika jembe. Mabuu ya usubi hukulia kwenye udongo wenye unyevu uliochanganyika na kinyesi, pale pembeni mwa birika la maji wanapokanyaga wanyama, kwenye mfereji ulioziba, chini ya bomba linalovuja. Spishi kuu ya usubi barani Afrika, ile ambayo nitarudi kuieleza kwa sababu inaua, inapenda mahali pa namna hiyo hasa. Tengeneza bomba. Mwaga kokoto kuzunguka birika. Fukia nyayo za ng'ombe zinazobaki na maji. Ni kazi ya siku moja yenye faida ya msimu mzima, na haina mwuzaji wa kuitangaza.

Samadi

Nzi wa zizini hazaliwi kwenye kinyesi kikavu kilichotawanyika malishoni. Anazaliwa kwenye mchanganyiko: nyasi au majani ya malalo yaliyolowa mkojo, kinyesi kidogo, vimeoza pamoja kwenye kona ya banda au chini ya hori ambako chakula kinamwagika. Kutoka yai hadi nzi kamili huchukua wiki tatu hivi, pungufu kukiwa na joto. Kwa hiyo banda linalozolewa mpaka sakafuni kila wiki, pamoja na kona zote, huwakatiza kabla hawajaruka. Banda linalozolewa juujuu kila siku lakini kona zake zimeachwa tangu mwezi uliopita ni kiwanda cha nzi. Maranda ya mbao yanawapendeza kidogo kuliko majani makavu.

Lundo la samadi liweke mbali na mabanda kadiri shamba linavyoruhusu, upande ambao upepo unakwenda. Lirundike juu, lishindilie, ulifunike kwa nailoni nyeusi. Likipata joto la ndani mabuu hayawezi kuishi humo, na mbolea unayoipata baadaye ni bora. Lundo lililosambaa, lenye kimo cha goti na maji yanayochuruzika, ni baya kuliko kutokuwa na lundo kabisa.

Watu husema waachie kuku wachakue samadi wale mabuu. Ni kweli wanakula. Lakini kuku wasilale ndani ya banda la farasi, kwa sababu utitiri wa kuku hutoka usiku na kumuuma farasi, nawe utabaki kumtibu mzio wa usubi miezi sita huku mhalifu analala darini.

Kwa nzi wa mchana, mitego inafaa. Uko mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi wenye wavu mweupe juu, uitwao Nzi, uliobuniwa Kenya na Steve Mihok alipokuwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE. Maelezo yake ya kisayansi yalichapishwa mwaka 2002. Hunasa mbung'o, pange na nzi wa zizini pamoja, jambo ambalo mitego mingi haiwezi, na fundi anaweza kuushona. Rangi ya buluu iwe ile iliyokolea isiyopauka. Watu wanaobadilisha rangi kwa sababu kitambaa kingine kilikuwa rahisi hupata kivuli kizuri lakini hawapati nzi. Uweke mahali pa wazi kati ya kichaka na malisho, usawa wa chini, na ufyeke nyasi zinazouziba.

Huku kwetu tunaishi na pundamilia, basi niwape na hili. Mwaka 2019 Tim Caro na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Uingereza. Waliwavalisha farasi walewale mablanketi ya milia, meusi na meupe kwa zamu. Pange waliwasogelea wote vilevile, lakini kwenye milia walishindwa kutua, wakapita au wakagonga na kuondoka. Kichwani, ambako hakukuwa na blanketi, walitua kama kawaida. Kwa hiyo ukimshonea farasi blanketi la kutembelea kando ya mto mchana, mshonee la milia myembamba. Usichukulie kwamba litamzuia usubi wa magharibi. Utafiti ulihusu pange.

Yaliyomo chupani

Sasa twende dukani. Kabla ya yote soma kiambato hai kwenye kibandiko, si jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Ukikuta neno amitrazi, irudishe rafuni. Dawa hii hutumika sana kwenye majosho na mabomba ya mgongoni kuua kupe wa ng'ombe, na kwa ng'ombe inafaa. Kwa farasi inapunguza mwendo wa utumbo mpana, kinyesi kinakwama, tumbo linamsokota, na wengine hufa. Usimpitishe kwenye josho la ng'ombe. Usitumie bomba lililokuwa na dawa hiyo jana, hata kama umelisuuza. Nunua lake, uliandike FARASI kwa rangi, ulitundike kwingine. Ikiwa amekwishanyunyiziwa kwa bahati mbaya, mwogeshe mara moja kwa maji mengi na sabuni laini, mpigie daktari, na uanze kuhesabu kinyesi chake. Farasi ambaye saa nyingi zimepita bila kutoa kinyesi, anatazama ubavu na anajilaza na kuinuka, ni dharura.

Zinazotumika zaidi kwa farasi ni za jamii ya pareto. Pareto yenyewe tunaifahamu. Imelimwa kwa miaka mingi Nakuru na Nyandarua, Mufindi na Mbeya. Dawa ya asili inayotokana na ua lake inaua haraka lakini jua huiharibu ndani ya saa chache, hivyo mpulizie jioni, nusu saa kabla ya saa ya usubi, wala usipoteze kwa kumpulizia asubuhi. Ndugu zake wa kiwandani, pamethrini, saipamethrini na deltamethrini, hudumu zaidi. Daktari ndiye akuambie ipi na kiasi gani, kwa sababu chupa nyingi zina vipimo vya ng'ombe peke yake. Jaribu kwanza sehemu ndogo begani, ungoje siku nzima. Usipake mahali tandiko linapokaa siku ya kumpanda. Vaa glavu, mweke paka mbali mpaka dawa ikauke kwani pamethrini humuua, na maji ya kuoshea bomba usiyamwage mtoni kwa samaki.

Mafuta ya mwarobaini yanafukuza wadudu kwa muda. Yachanganye na mafuta mepesi ya kupikia, usiyapake mazito juu ya ngozi iliyochubuka. Mchaichai unanukia vizuri na humfaa zaidi anayempanda farasi kuliko farasi. Vaseline nyembamba kwenye mstari wa tumbo na ndani ya sikio la nje huwazuia usubi wasifikie ngozi, ni rahisi, na naishangaa inavyosahauliwa. Ila oili chafu ya gari na mafuta ya taa, ambavyo punda wengi hupakwa vidondani, viacheni kabisa: vinaunguza ngozi, na mnyama akijilamba anameza sumu. Kitunguu saumu kwenye chakula nacho kina mashabiki wake. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba kinafukuza nzi, na kikizidi kinavunja chembechembe nyekundu za damu.

Aivamektini haimzuii usubi kuuma. Inaua minyoo midogo inayoenezwa na usubi chini ya ngozi, utitiri, na mabuu ambayo nzi huyaacha kwenye vidonda vya kona ya jicho na miguuni. Kwa farasi ni ya kunywa, ile ya bomba la plastiki lenye dawa nzito kama uji. Sindano ya ng'ombe usimchome. Mahali pa sindano paweza kuoza. Na usishtuke tumbo likimwasha zaidi siku moja mbili baada ya dawa, ni minyoo inakufa.

Ngozi iliyokwishachubuka

Hapa maji baridi ndiyo rafiki. Mwogeshe mchana, maji tele, kwa dakika kumi au zaidi, hasa shingoni na mkiani. Jasho huwaita wadudu na huongeza muwasho, hivyo kila anapotoka kazini asuuzwe. Mara moja kwa wiki tumia sabuni yenye klorheksidini, iache mwilini dakika kumi kisha uisuuze yote. Povu linalobaki chini ya singa huwasha kuliko usubi. Mkaushe kabla ya magharibi.

Kidonda kilichofunguka kisafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kidogo cha chumvi kwenye nusu lita. Usibandue vigaga kwa kucha, viloweshe vilegee. Mafuta ya zinki yanatosha kwa michubuko midogo. Kama kuna usaha, harufu, au mabuu ya nzi, hilo si lako tena.

Daktari anaweza kumpa steroidi kwa muda mfupi ili avunje mzunguko wa kuwashwa na kujisugua. Zinafanya kazi kweli, ndiyo sababu watu hurudi dukani kuzinunua wenyewe. Zikitumiwa ovyo zinaweza kuleta uvimbe ndani ya kwato, na farasi asiyeweza kusimama ni msiba mkubwa kuliko farasi asiye na singa. Dawa za mzio za kumeza husaidia baadhi, wengine hawaoni tofauti. Wakati huo ondoa misumari, waya na magome makali anaposugulia. Hatajizuia kwa adabu.

Usubi anayeua

Nilisema nitarudi. Usubi hao hao hubeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika, wenye aina tisa, na spishi kuu inayovieneza ni Culicoides imicola. Mwaka 1719 uliua wanyama wapatao 1,700 huko Rasi ya Tumaini Jema, na mwaka 1854 na 1855 ulikwenda na farasi wanaokaribia 70,000 hukohuko. Si hadithi ya zamani tu: mwaka 2020 uliibuka Thailand ukaua mamia. Pundamilia hubeba virusi bila kuugua, na punda wetu kwa kawaida hawaugui sana. Shamba lililopakana na hifadhi lina hazina ya virusi upande wa pili wa uzio.

Dalili ni homa kali, kushindwa kupumua, povu linalotoka puani, au kuvimba kwa vile vishimo vilivyo juu ya macho. Ile aina inayoshambulia mapafu huua wengi wa wanaoipata, na baadhi huanguka ndani ya siku moja tangu dalili zionekane. Tenga mgonjwa, wafungie wengine wote ndani usiku na uwapulizie dawa, upime joto lao asubuhi na jioni, na umjulishe daktari wa mifugo wa serikali. Huu ni ugonjwa ambao sheria inataka utolewe taarifa. Chanjo ipo, hutolewa kila mwaka, na ichomwe kabla ya mvua, si zikishaanza, kwani mwili unahitaji wiki kadhaa kujenga kinga. Kwa hiyo yote uliyofanya kwa ajili ya muwasho, feni, wavu, saa ya kuingia, bomba lililotengenezwa, yanamlinda pia yule farasi wako ambaye hawashwi hata kidogo.

Ukienda kununua

Mwenye farasi wa mzio anayejua biashara humwuza Februari au Agosti, singa zimeota tena na ngozi imetulia. Nawe nenda na mkono wako. Inua singa uguse ngozi ya chini yake: ya mgonjwa wa miaka mingi huwa nene, imekunjamana, na nywele mpya zimesimama fupifupi kati ya ndefu. Fanya hivyohivyo kwenye shina la mkia, kisha piga goti utazame tumbo. Ukimkuta singa zimenyolewa kabisa, uliza kwa nini, na uombe picha za wakati wa masika. Akiwa ni jike na unamtaka kwa kuzalisha, uliza na habari za mama yake na watoto waliotangulia. Mwenye mzio mkali usimzalishe hata akiwa mzuri namna gani. Kama ni dume au wa kupanda tu na umempenda, mwambie mwuzaji apunguze bei kwa gharama ya blanketi, feni na wavu, na umwonyeshe hesabu hiyo kwenye karatasi.